Taa ya Breki kwenye Gari la Mama Mkwe

Kazi yangu ni kuhakikisha taa nyekundu zinawaka. Niko kiwandani, hapa Likasi, katika kile chumba ambamo vipimo vya asidi, joto na presha vinaletwa mbele ya macho ya mtu mmoja aliyeketi kitini, na kitu kikienda kombo huko nje, taa inawaka. Mimi ndiye ninayezitunza taa hizo na nyaya zake. Niliwahi kumshtaki kwa wakubwa mwenzangu wa miaka mingi, tuliyekuwa tukila naye mkate mmoja wakati wa mapumziko, kwa sababu aliunganisha nyaya mbili ili taa iliyokuwa ikimkera ikae kimya. Alihamishwa, na mpaka leo tukikutana sokoni anageuza shingo. Sikujuta hata siku moja. Nataka hilo lijulikane kwanza, kabla sijaeleza nilichofanya kwenye gari la mama mkwe wangu.

Gari lenyewe ni la zamani, refu kwa nyuma, usukani kulia, limetoka Japani likapitia Dar es Salaam na Zambia hadi kwetu. Kwenye dashibodi kuna maandishi ambayo hakuna mtu wa mtaani anayeweza kuyasoma. Mama mkwe ni mjane, anauza unga wa mahindi, mafuta ya mawese na samaki wakavu, na kila Jumatatu asubuhi anapakia mizigo na kuliendesha mwenyewe hadi Kakanda, kwa watu wa migodini na familia zao. Ana miaka sitini na zaidi. Anaendesha akiwa amenyooka, kitambaa kichwani, mikono yote miwili kwenye usukani, na haongei na abiria. Njia ya kule ina miteremko, na malori ya madini hayamsubiri mtu.

Sasa kuhusu mimi na yeye. Kwa watu wa kwetu, mwanamume na mama wa mke wake hawazoeani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani ni mwanamume anayeacha njia. Si chuki, ni kinyume chake kabisa: ni heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo, na ina haya ndani yake. Mjini hapa wengi wameiacha. Najua wanaume ambao wanacheza karata na mama wakwe zao na kuwatania, na sina neno nao. Ila mimi nililelewa hivyo, yeye alilelewa hivyo, na katika miaka kumi na minne ya ndoa yangu sikuwa nimewahi kumwambia neno moja uso kwa uso. Hata namba yake ya simu sikuwa nayo. Akiwa na shida anamwambia mke wangu, mke wangu ananiambia mimi, na jibu linarudi kwa njia ileile. Mke wangu hututania kwamba yeye ndiye posta yetu.

Basi posta ikaleta habari kwamba gari linapiga kelele likikanyagwa breki, chuma kwa chuma. Nilisema nitabadilisha pedi mwenyewe, nyumbani. Nyumba yetu ni mojawapo ya zile za zamani za wafanyakazi, na mwenye kuishi humo kabla yetu aliacha sakafu nzuri ya saruji kando ya ukuta. Kulipeleka kwa fundi wa barabarani lilikuwa jambo rahisi zaidi, lakini sikutaka. Niseme ukweli, nilifurahi kuombwa. Mkwe hana njia nyingi za kumwonyesha mama wa mke wake kwamba binti yake hakupotea, na kwa mtu asiyeruhusiwa hata kumsalimia, breki zilizofungwa vizuri zilikuwa maneno mengi.

Jumamosi asubuhi nilianza na gurudumu la kulia. Nilipiga jeki, nikaweka matofali chini kwa usalama, nikafungua. Pedi za zamani zilikuwa zimeisha mpaka kwenye chuma. Ili pedi mpya ziingie, lazima urudishe pistoni ndani, na ukiirudisha inasukuma mafuta ya breki nyuma. Mafuta yale yalikuwa meusi. Mimi ni mtu wa kupenda usafi, kwa hiyo nilifungua kile kiskurubu kidogo cha kutolea hewa, nikayaacha mafuta machafu yatoke kwenye kopo huku nikisukuma pistoni, halafu nikakaza. Upande wa kulia ukaisha bila matata. Nikahamia kushoto, nikafungua kiskurubu, nikasukuma pistoni, nikakirudisha kiskurubu kwa vidole, na spana nilikuwa nayo mkononi tayari kukikaza.

Hapo mke wangu akaita kutoka mlangoni. "Mama eko anaingia."

Nilikuwa nimechuchumaa katikati ya njia, miguu wazi, nimevaa kaptula kuukuu na fulana yenye matundu. Niliruka kama mwizi nikazunguka nyuma ya nyumba. Nilikaa kule, kwenye mabeseni ya kufulia, dakika ishirini au zaidi, nikisikia sauti yake ikiuliza habari za watoto, ikisifu usafi wa sakafu, ikisema inaridhika. Nilisikia vizuri sana lile la kuridhika. Alipoondoka nilirudi kwenye gurudumu nikiwa na furaha, na spana ilikuwa mfukoni. Ningekuwa kazini, mtu akiniondoa kwenye kazi ya nusu, ningeanza upya tangu mwanzo; ndivyo ninavyowafundisha wengine. Pale sikuanza upya. Nilifunga pedi, nikarudisha gurudumu, nikaongeza mafuta ya breki mapya hadi kwenye alama, nikaosha sakafu kwa ndoo mbili za maji.

Nilipowasha gari, taa ya breki ilikuwa imezimika. Nililiendesha ndani ya ua, mbele na nyuma, nikikanyaga na kuachia, na breki zilishika kimya kabisa. Nikakanyaga tena mara nyingi, kwa raha tu. Ndipo taa ikawaka.

Sisi tunaiita kwa Kifaransa, *voyant*, kama tunavyoita breki *frein* na waya *fil*, na kwenye gari hili ni mduara mwekundu wenye alama ya mshangao katikati. Inawaka kwa mambo mawili: breki ya mkono ikiwa imevutwa, au mafuta ya breki yakipungua. Nilivuta breki ya mkono na kuishusha mara kumi. Ikaendelea kuwaka. Nikachomoa betri nusu saa, kama mafundi wa hapa wanavyopenda kufanya na kila ugonjwa, ingawa sikuamini. Nikairudisha, nikawasha. Ikawaka. Nikaenda kuangalia kikopo cha mafuta. Plastiki yake ilikuwa imekuwa ya kahawia kwa uzee, na kwa tochi niliona mstari juu kabisa, karibu na alama. Nikasema mafuta yamejaa. Kumbe ulikuwa mstari wa uchafu wa miaka, uliobaki pale ambapo mafuta yalizoea kufika. Kufungua kifuniko na kuchungulia kungenichukua muda wa kupiga chafya. Lakini nilikuwa nimeyajaza mimi mwenyewe saa moja kabla, na mtu aliyejaza kitu kwa mkono wake hapendi kuambiwa na taa kwamba kimepungua.

Nikaamua kwamba ni boya. Ndani ya kikopo kuna boya dogo linaloelea, mafuta yakishuka linashuka nalo, na waya unapeleka habari kwenye dashibodi. Gari la zamani, boya limenata kwa uchafu. Lilikuwa jibu zuri, la mtu anayejua vyombo.

Jumapili baada ya misa mama mkwe alikuja kupakia. Mimi nilikuwa chumbani, dirisha likiwa wazi. Mke wangu aliwasha gari ili alisogeze karibu na mlango wa ghala letu mwishoni mwa saruji, anamoweka magunia yake, na mama yake akaiona taa. Nilisikia anauliza ni nini ile. Mke wangu akaja dirishani kwangu.

"Mama anauliza juu ya voyant."

"Umuambie inawaka tu, na minye siyajua bado juu ya nini," nilimjibu. Hayo ndiyo maneno niliyoyasema, nayakumbuka. Ulikuwa ukweli, na laiti ungefika ulivyo.

Lakini mke wangu ni mtu mwenye adabu. Hawezi kumwambia mama yake kwamba mkwe wake hajui, wala hawezi kunirudishia mimi swali gumu kutoka kwa mama yake. Kwa miaka kumi na minne amekuwa akipokea maneno yetu na kuyalainisha njiani, na ndiyo sababu tumeishi bila ugomvi. Alitembea hatua saba kutoka dirishani hadi kwenye gari, na nilimsikia akisema, akiniita bukwe, yaani mkwe: "Bukwe anasema ni taa tu, Mama. Itazimika leo."

"Ni muzuri," akasema mama mkwe. "Umushukuru."

Sitaki kumlaumu mke wangu. Ningeweza kumwita arudi, nikamwambia aseme vilevile nilivyosema. Sikumwita. Nilibaki nimeketi kitandani, ahadi ikiwa imeshatolewa kwa jina langu. Taa itazimika leo, mkwe amesema. Walipomaliza kupanga magunia na mama mkwe akaenda zake, nilitoka nikafungua boneti. Nilisimama muda mrefu nikikitazama kikopo. Kisha nikaushika waya wa boya pale unapochomekwa, nikauchomoa, nikauficha chini ya mpira ili asiuone mtu. Niliwasha gari. Dashibodi ilikuwa safi.

Niliona aibu papo hapo, nisidanganye. Nilimkumbuka yule mwenzangu wa kazini na shingo yake. Lakini nilijiambia kwamba yake ilikuwa mitambo ya asidi na hii ni boya bovu, kwamba Jumatano, mama mkwe akirudi, nitalisafisha boya na kurudisha waya, na hakuna atakayejua. Mke wangu akaniuliza kama imezimika. Nikasema imezimika. Akapeleka ufunguo.

Jumatatu mke wangu alitoka mapema, anafanya kazi zahanati na zamu yake inaanza kabla jua halijapanda. Watoto walikuwa bado wamelala. Mimi nilikuwa na siku ya mapumziko. Mama mkwe alikuja saa kumi na mbili na nusu, nikasikia malapa yake kwenye kokoto, nami nikajibanza ndani nyuma ya pazia kama inavyopasa. Alifungua geti, akapanda, akawasha. Gari likarudi nyuma taratibu, likageuka, likaelekea getini.

Pale lilipokuwa limesimama, sakafuni, palikuwa na doa.

Niliwaza maji. Halafu nikawaza kwamba maji yangu niliyamwaga Jumamosi, na huu ni mwezi wa jua kali. Doa lilikuwa mahali pa gurudumu la kushoto la mbele, na kutoka pale matone yalifuata gari. Nilitoka pekupeku nikagusa. Lilikuwa laini, linateleza kati ya vidole. Nikanusa, ingawa nilishajua. Ndipo nikaiona akilini spana mkononi mwangu, siku ya Jumamosi, na mimi nikiruka kwenda nyuma ya nyumba kabla sijakikaza kiskurubu.

Mtaa wetu unateremka hadi barabara kubwa, na kwenye barabara kubwa malori yalikuwa yakipita mfululizo asubuhi hiyo. Alikuwa ameshatoka getini, gari amelishika kwa breki ya mkono, na alikuwa ameshuka kulifunga. Niliita "Mama", lakini injini ilikuwa inanguruma na sauti yangu, nikiri, haikutoka sawasawa. Koo halikuwa limezoea. Alipanda tena. Nilipita mlango mdogo wa pembeni, nikakimbia kando ya ukuta, nikajitupa mbele ya gari na kunyoosha mikono.

Mbele ya gari la breki mbovu ni mahali pa kipumbavu pa kusimama, hasa kwa mtu aliyeziharibu mwenyewe. Alikuwa ameanza tu kusogea. Nilimwona akikanyaga, nikaona mwili wake ukishuka kwenye kiti kwa kuifuata pedali iliyokuwa inazama, akakanyaga tena, na mkono wake ukavuta breki ya mkono. Gari lilisimama likiwa limegusa magoti yangu.

Tulitazamana kupitia kioo. Sikuwahi kuuona uso wake hivyo, moja kwa moja, na naona hata yeye hakuwahi kuuona wangu. Nilikuwa na kaptula ileile. Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka pia kuangalia chini, na shingo yangu ilikuwa imeshaanza kuinama, lakini nilijua nikiinama nitasema jambo la adabu, na la adabu lilikuwa limeshatufikisha pale.

"Mama, musiende," nilisema. "Ile motokari haiko na frein."

Alizima injini. Alishuka, akasimama upande wa pili wa mlango, akauacha mlango wazi kati yetu. "Taa ilizimika," alisema. Hakuwa ananibishia. Alikuwa anauliza.

"Minye njo niliizima. Nilitosha fil yake."

"Juu ya nini?"

"Juu ya haya, Mama. Niliona haya kurudisha motokari yenye kuwaka taa."

Mwanamke mmoja alipita na beseni la mikate kichwani, akatusalimia, hakuna aliyemjibu. Nilimngojea anitukane, na nilitamani anitukane, maana ningekuwa nimelipa kidogo. Mama mkwe aliangalia mteremko, mpaka kule chini ambapo lori lilikuwa linapita na vumbi lake.

"Wako njo anaambiaka bantu kwamba bukwe wangu haachiake kazi nusu," alisema hatimaye. Wako ni mke wangu. "Ile siku ya yenga," yaani Jumapili, "sikuuliza mara ya pili. Nilisema mu roho: ni bukwe njo alitengeneza."

Nimewahi kupigwa na umeme kazini mara mbili, na siku zote mbili niliendelea na kazi hadi jioni. Pale niliketi chini, juu ya kokoto, mbele ya bampa.

Aliniacha nikae. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga magunia, "Sasa inaomba nini?"

Nikamweleza. Kiskurubu kikazwe, mafuta yaongezwe, halafu hewa itolewe, na kazi ya kutoa hewa haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko kwenye gurudumu. Nilimwambia tungoje mke wangu arudi saa nane. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa upuuzi, akazunguka gari, akapanda kwenye kiti cha dereva.

Tulilirudisha gari kwenye saruji kwa gia ya kwanza na breki ya mkono, mimi nikitembea kando. Nikapiga jeki, nikatoa gurudumu, na kiskurubu kilikuwa pale, kimelowa, kinazungushwa kwa vidole viwili. Nilikikaza kwanza. Nikajaza kikopo, safari hii nikiwa nimefungua kifuniko na kutazama ndani kwa macho yangu. Halafu nikalala chini na mpira na kopo, naye juu, mguu kwenye pedali, tukiwa karibu kuliko mkwe na mama mkwe wa kwetu wanavyopaswa kuwa hata kwenye msiba.

"Mukanyage, Mama," nilisema.

"Nakanyaga."

"Mushikilie."

"Nashikilia."

Nikafungua, hewa ikatoka na povu, nikafunga. "Muachie." Tukarudia. Mimi, niliyekuwa siwezi kumsalimia, nilimwamuru mama wa mke wangu mara ishirini au thelathini, na kila mara alinijibu. Alipochoka aliniambia amechoka, nikangoja. Mafuta yakaanza kutoka bila povu, na yeye mwenyewe akasema, kabla yangu, kwamba pedali imekuwa ngumu.

Mwisho niliutoa waya kutoka mafichoni nikauchomeka, nikamwomba awashe. Taa nyekundu iliwaka kidogo, kama zinavyofanya zote injini inapoanza, kisha ikazimika yenyewe. Alizima akawasha tena. Akafanya hivyo mara tatu, akiwa ameinamisha uso karibu na dashibodi. Kakanda hakwenda siku hiyo, alikwenda Jumanne, na mimi Jumanne nzima kazini nilikuwa nikiangalia simu, nikimwuliza mke wangu kama amefika. Alifika. Alirudi Jumatano jioni.

Mke wangu nilimwambia yote. Alilia kidogo, na baadaye akasema kwamba kuanzia sasa posta italeta barua zikiwa hazijafunguliwa. Kwa watu wa kwetu, ukivuka mpaka na mama mkwe unatoa kuku, ili haya iliyovunjwa irudi mahali pake. Nilinunua tetea mweupe, mnono, nikampa mke wangu ampeleke. Nilidhani kwa kuku huyo tutarudi kwenye maisha yetu ya zamani, mimi nyuma ya pazia na yeye kwenye kokoto, na sehemu yangu moja ilitamani hivyo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye saruji, nikipanga spana zangu, nilipoyasikia malapa. Mke wangu alikuwa ndani na hakuita. Niliinuka, na miguu, kwa mazoea yake, ikageuka kuelekea nyuma ya nyumba.

"Bukwe," alisema mama mkwe.

Nikasimama. Alikuwa getini, hakuingia zaidi, mikono imeshika ncha za kitenge chake. Hakutaja kuku. Alikuwa anaangalia gari.

"Na frein za nyuma? Zile uliitazama?"

Nilikuwa na jibu la adabu tayari mdomoni, lililolainishwa vizuri, la kumfanya aende zake akiwa ametulia. Nilikuwa nimelisikia gari likirudi Jumatano na nilijua lilivyosikika, na zaidi ya hapo sikujua chochote. Nikageuka kabisa, nikamtazama.

"Za nyuma siyatazama bado, Mama."

Akatingisha kichwa kukubali. Kisha akaingia, akafungua mlango wa gari, akaketi, na kuweka mguu kwenye pedali akinisubiri.